UZI: Vampire Weekend na albamu yao ya kwanza. Sebene imekwenda wapi?

BesiYaNne

Salaam kwenu nyote. Najua wengi humu ni watu wa taarabu na bango, na waliobaki mwaishi kwa Bongo Fleva, lakini naomba dakika kumi zenu kwa albamu ya Wamarekani wanne wapiga roki.

Mie napiga besi kwenye bendi ya hoteli huku pwani ya kaskazini. Hoteli gani haina maana, zote ni moja: bwawa, makuti, meza ndefu ya vyakula, na mgeni mmoja aliyelewa anayetaka kipaza sauti. Saa moja na nusu usiku twapanda, saa nne twashuka. Mwezi uliopita tukiwa twajaribu mitambo akaja kijana mgeni, ndevu tele, miguu imeungua jua, akauliza kama twaijua "A-Punk". Hatuijui. Akatoa simu akatupigia. Dakika mbili na kitu, kwisha. Mpiga dramu wetu akasema hii ni ska ya Jamaika iliyokunywa kahawa tungu. Kijana kuona tumecheka akadhani tumependa (na kweli tulipenda), akaweka nyingine: "Cape Cod Kwassa Kwassa".

Sasa lazima niwaeleze mpiga solo wetu. Twamwita Fundi. Mtu wa Lubumbashi, yuko pwani hii tangu baadhi yenu hamjazaliwa, na gitaa lake limefungwa utepe mweusi shingoni kwa sababu lilivunjika ndani ya matatu. Wakati ule alikuwa abadilisha waya wa kwanza. Liliposikika lile gitaa la mwanzo, mkono ukasimama. Akainua uso. "Eh... hawa watoto wanajua." Wimbo ukaenda, ubeti, kiitikio, ubeti. Fundi ameshaweka waya chini, kidole kimoja kiko hewani kama refa anayetaka kuhesabu. Akatwambia: "Ngojeni. Sasa inakuja."

Wimbo ukaisha. Kidole bado kiko juu.

"Eh! Imekufa?"

Kijana hakuelewa tulichokuwa twachekea. Mie tangu siku hiyo nimeisikiliza albamu nzima labda mara thelathini, kwenye feri, jikoni, mpaka mke wangu ameanza kuimba vipande bila kujua aimba nini.

Kwa wasiojua: wimbo wa Kongo wa zamani ulikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ya maneno, polepole, mtu amlilia mpenzi wake. Ya pili ndiyo sebene. Hapo maneno yanyamaza, yabaki majina ya watu na vifijo, solo yazunguka kifungu kimoja kifupi mpaka kichwa kikuume, mi-solo, gitaa lililo kati ya solo na ridhimu, yajibu katikati ya mapengo, ridhimu yachanja, na besi, yaani sisi tusiotajwa, ndio twaamua watu wacheze na mguu upi. Kanda Bongo Man alipohamia Paris mwishoni mwa miaka ya 70 aliona ile nyumba ya kwanza yachelewesha watu. Akaibomoa. "Iyole" ya 1981 yaingia kwenye sebene bila kubisha hodi, na baadaye gitaa la Diblo Dibala likawa ndiyo sahihi yake. Kwasa kwasa, ile dansi ya Kinshasa ya kiuno, ikazunguka dunia juu ya mgongo wa muziki huo. Kwa hiyo kwasa kwasa ni sebene tupu. Ukiitoa sebene hapo hujabakisha kitu cha kuchezea.

Hawa vijana wamefanya kinyume. Wamechukua kipande cha sebene wakakipigilia mlangoni, kama nakshi ya mlango wa Mji wa Kale, kisha ndani mna nyumba nyingine kabisa.

Na nyumba yenyewe si mbaya! Nyimbo 11, dakika 34. Wanne hao walikutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York: Ezra Koenig sauti na gitaa, Rostam Batmanglij kinanda na gitaa, naye ndiye aliyesimamia kurekodi, Chris Baio besi (Mungu ampe maisha), Chris Tomson dramu. Walirekodi vipande vipande huku wana kazi nyingine za kulipa kodi. Koenig alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Brooklyn, na mle ndani kuna wimbo wenye jina la koma. Wallahi, koma. Ile alama ya kuandikia.

Kampuni ya XL Recordings ya London iliitoa Marekani tarehe 29 Januari 2008. Tarehe hiyo yaniuma kidogo. Wenzetu New York wabishana kuhusu gitaa, huku Kofi Annan ana wiki moja tu tangu atue Nairobi kusuluhisha ghasia za uchaguzi, hoteli za Mombasa ni tupu, bendi yetu imeambiwa ikae nyumbani mpaka hali itulie. Nilikuwa nasikiliza redio, lakini si kwa muziki. Na hata ningetaka kuisikia, intaneti ilikuwa ile ya setilaiti, wimbo mmoja waushusha ukapike chai unywe urudi. Kebo ya intaneti ya baharini, TEAMS, ilitua hapa hapa Mombasa Juni 2009. Basi kelele zote za albamu hii zilitupita.

Nimerudi kuzisoma kelele hizo. Tovuti ya muziki ya Pitchfork iliipa 8.8 kwa 10. Jarida la Spin liliwaweka jaladani Machi 2008, na mwezi huo huo wakapiga kwenye kipindi cha TV cha Saturday Night Live. Ilifika namba 17 kwenye chati ya Billboard, na 15 Uingereza. Halafu yakaja mawe: watoto wa matajiri, mashati ya kola, viatu vya kuendea kwenye mashua, wamewaibia Waafrika. Wenyewe wakajitia kuni kwa kuuita muziki wao "Upper West Side Soweto", kwa utani (Upper West Side ni mtaa wa New York).

Waliosifu walisifu nguo, waliotukana wakatukana nguo. Swali la Fundi sijaona aliyeuliza: ilikuwaje ikafa kabla ya kuanza?

Kivuko_Saba

Yaani bendi yaitwa Mumiani wa Wikendi na wewe waisikiliza kwenye feri usiku? Una moyo.

MtotoWaKuze

Kaka Besi, umeandika vizuri lakini umewapakazia. Mie albamu hii naijua tangu 2010, nililetewa kwenye flashi na binamu yangu aliyekuwa asoma ng'ambo, na niliisikiliza mpaka flashi ikafa.

Nyimbo ngapi mle ndani zina gitaa la Kongo? Nihesabie. Hiyo yenye kwasa kwasa kwenye jina, na vipande vya "Mansard Roof" kama una sikio la kutafuta. "A-Punk" umeshasema mwenyewe ni ska. "M79" ina fidla za kizungu kabisa, zile za ukumbini watu wamekaa na tai. Wakosoaji walisikia gitaa moja jepesi, sauti haijafunikwa na moshi wa amplifaya, wakapiga kelele "Afrika!" kama mtu aliyeona ngamia mmoja Nyali akadhani yuko Garissa.

Mie nilichokipenda ni kwamba wanaimba mtaa wao. M79 ni basi linalokatiza Manhattan, barabara ya 79, kupitia bustani yao kubwa. Mansard ni aina ya paa. Cape Cod ni rasi huko Massachusetts wanakokwenda wenye nazo likizo, tuseme Diani yao. Mtu akiandika wimbo hapa akauita kwa jina la matatu ya kwenda Bamburi na mwengine kuhusu baraza za Kuze, mtamwambia ameimba Mombasa. Hawa wameimba New York, na gitaa ni nguo waliyovaa siku hiyo.

Na jina la bendi, Kivuko, ni la filamu fupi Koenig aliyoianza mwenyewe akiwa mwanafunzi. Kuna kijana aitwa Walcott yuambiwa aende Cape Cod kumwonya meya kwamba mumiani wamevamia. Ndiyo maana kuna wimbo "Walcott" mle ndani.

Kivuko_Saba

Sasa naanza kuipenda. Meya gani wa kusikiliza habari za mumiani.

Mzee wa Kaseti

Wanangu, nimesoma nikacheka peke yangu dukani.

Nimeuza kaseti miaka mingi, taarabu za Mbwana Radio, Wakongo, Les Wanyika, Super Mazembe, mpaka hao wazungu wenu. Kuna jambo moja Mvita halitaki kuambiwa. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kuchukua sauti za filamu za Kihindi akazitia maneno ya Kiswahili yakakaa kama yamezaliwa nazo. Watu walikuwa watoka sinema wenda harusini kusikia muziki ule ule, mara hii wamwelewa. Nani alimtumia Mhindi hundi? Na taishokoto, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, anayolilia nayo Bi Zuhura Swaleh, yatoka wapi? Japani. Iliingia bandarini kama vile vyengine vyote, mtu akaichukua, akaizoesha kulia Kiswahili.

Basi mtu wa Mombasa akisema fulani ameiba sauti, mie hutazama pembeni nione kama Mhindi yupo karibu.

MtotoWaKuze

Mzee wetu, shikamoo. Nakubali nusu. Bhalo alichukua, sawa, lakini hakuwa na kampuni London nyuma yake. Aliimba harusini mpaka alfajiri akatunzwa noti. Yule wa Bombay hakupoteza mteja hata mmoja kwa ajili yake. Mwenye mashua kubwa akichukua wavu wa mwenye ngalawa ni jambo jengine.

Mzee wa Kaseti

Marahaba. Umenena, lakini ngalawa gani hapa imepoteza wavu? Diblo hakuacha kupiga kwa sababu ya wale watoto. Pengine walioisikia albamu ile walikwenda kumtafuta. Dukani kwangu nilipata kijana mmoja, mmoja tu, mwaka 2011 hivi, aliyekuja kuulizia Kanda Bongo Man kwa sababu ya "bendi ya Marekani". Nilimuuzia tatu.

BesiYaNne

@MtotoWaKuze dadangu, nimehesabu, uko sawa, ni kidogo kuliko nilivyosema. Hata hivyo kidogo chenyewe ndicho kilichoandikwa magazetini.

@Mzee hiyo ya Bhalo nitaiba nikamwambie Fundi.

JaKisauni

Wakubwa, hodi. Mimi si mtu wa pwani kwa kuzaliwa, nimekaa Kisauni miaka kumi na minne, benga ndiyo damu. Mnanishangaza. Mnalilia gitaa la Afrika lililopigwa na wazungu Brooklyn, na hakuna hata mmoja aliyetaja Extra Golden?

Sikilizeni. Mmarekani mmoja, Ian Eagleson, alikuja Nairobi kusomea benga kwa ajili ya shahada yake ya udaktari. Alikuwa na bendi ya roki kwao iliyoitwa Golden. Akakutana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Wakaunganisha majina: Extra Golden. Mwaka 2004 wakarekodi Nairobi, na 2006 lebo ya Thrill Jockey ya Chicago ikaitoa, "Ok-Oyot System". Ok oyot kwa Kijaluo ni "si rahisi". Na kweli haikuwa rahisi, maana Otieno alifariki 2005, hakuiona ikitoka. Walipotaka kwenda kupiga Chicago, visa zikasumbua, na aliyewasaidia ni seneta mmoja wa Illinois mwenye asili ya kwetu. Wakamwimbia: wimbo unaitwa "Obama", uko kwenye albamu ya pili, "Hera Ma Nono", 2007. Kabla hajawa rais!

Sasa kaka Besi, wewe unauliza sebene imeenda wapi. Nyimbo za Extra Golden zinakwenda dakika saba, nane, tisa. Benga haina haraka, inapofika pale gitaa linapobaki peke yake inakaa, inakunywa maji. Bendi ni ya Wajaluo na wazungu pamoja, wamesimama jukwaa moja, jina la kila mtu limeandikwa. Na je, Saturday Night Live waliitwa? Magazeti ya roki yaliwasifu, nitakuwa mkweli, lakini jina lao leo wanalijua wangapi?

Kwa hiyo swali si kwamba wazungu hawajui sebene. Walikuwepo waliojua. Ila aliyeikata ndiye aliyevuma.

Kivuko_Saba

Hapo sasa.

MtotoWaKuze

JaKisauni, kaka, asante. Nimekaa na "Ok-Oyot System" tangu saa nane mchana na kazi yangu haijaguswa.

Nakuongezea chumvi: Vampire Weekend walipotoa ya pili, "Contra", Januari 2010, ikaingia moja kwa moja namba moja Billboard. Ya tatu, "Modern Vampires of the City", 2013, namba moja tena, na hiyo ndiyo iliyowapa Grammy yao ya kwanza. Na ya tatu ndiyo yenye gitaa la Kongo kidogo kuliko zote, karibu hakuna. Walipovua ile nguo ndipo watu wazima wakasema "sasa mmekua".

Mie hiyo ndiyo iliyoniudhi, kuliko wizi wowote. Ati gitaa letu ni mchezo wa utotoni, piano ya huzuni ndiyo akili.

Mzee wa Kaseti

Binti, hapo umenishika.

BesiYaNne

Nimemsomea Fundi uzi wote jana usiku, tumekaa nyuma ya jikoni twangoja chai. Habari ya Bhalo ilimfurahisha sana. Habari ya Extra Golden hakuitikia, aliomba tu aisikie. Nikampa spika moja ya sikio, nyingine mie. Dakika nane kasoro hakusema neno. Ilipoisha akasema, "Hii haikufa. Imelala."

Halafu akanigeukia akaniuliza swali ambalo nimelala nalo. Akasema: "Na sisi?"

Nikamwambia sisi vipi.

"Sisi tunapiga nini pale juu?"

Niwaambie ukweli. Meneja mmoja, miaka mingi nyuma, katika hoteli niliyoanzia, alituita ofisini akatwambia nyimbo ni ndefu. Wageni wala, wataka kuzungumza, muziki ukizunguka zunguka wawachosha. Wimbo usizidi dakika nne. Tulikuwa na mpango wa nyimbo 14 tukaufanya wa 22. Tulifanyaje? Tulikata sebene. "Shauri Yako" twaipiga mpaka maneno yakwishe, sebene mizunguko miwili, dramu yafunga, "asanteni sana, karibuni Kenya". Nimefanya hivyo hoteli tatu. Nimefunza vijana wawili besi na nimewafunza kukata pale pale.

"Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya 1982 ilizaliwa kwenye hoteli hizi hizi za pwani, na nimeipiga, nikikadiria kwa uchache, mara elfu tano. Haijapata kuzidi dakika tatu mkononi mwangu.

Basi nikajiona mjinga nusu saa nzima. Wale watoto wa Columbia walikata sebene wakiwa kwenye vyumba vyao huko New York, hawajawahi kutegemea dansi ya mtu kwa chakula. Mie nimeikata kila usiku, mbele ya Fundi, na yeye ndiye mwenye kidole hewani.

JaKisauni

Kaka, usijipige sana. Mtu anakata kwa sababu mshahara uko mezani.

BesiYaNne

Najua. Naeleza tu. Nafikiri watu wakiwa wamekaa na uma mkononi sebene haina pa kuingia, iwe Brooklyn kwenye redio au huku kwenye makuti. Sebene yataka sakafu.

MtotoWaKuze

Basi ipigeni. Usiku mmoja tu. Hiyo hiyo Cape Cod, muifikishe pale inapokufa halafu Fundi aendelee.

Kivuko_Saba

NAUNGA MKONO. Na urekodi utuwekee hapa. Mie nitatoa nauli ya matatu nije nione.

Halafu mnajua kule Komoro na Mayotte kwasa kwasa ni mashua? Zile fiba ndogo zinazovusha watu kutoka Nzwani kwenda Mayotte. Zaitwa hivyo kwa vile zinavyotikisika juu ya wimbi, kama kiuno. Shangazi yangu wa Kingazija akisikia "Cape Cod Kwassa Kwassa" atadhani wazungu nao wameanza kuzamia.

Mzee wa Kaseti

Wimbo huo wamtaja Peter Gabriel, mwimbaji wa Uingereza, na baadaye Hot Chip, bendi ya huko huko, waliurudia wakamwalika Peter Gabriel mwenyewe auimbe. Akajitaja kwa mdomo wake. Nilipoisikia nilicheka kama leo. Lakini Paul Simon, Mmarekani wa "Graceland", ni tofauti: yule alikwenda Johannesburg 1985, akavunja vikwazo vya kitamaduni dhidi ya ubaguzi wa rangi akatukanwa na wengi, na haki yao, lakini wapigaji aliwalipa mara tatu ya kiwango na baadhi akawaandika kama watunzi wenzake. Ray Phiri na Bakithi Kumalo majina yao twayajua kwa albamu hiyo. Kwenye albamu ya hawa watoto hakuna wa kumjua, magitaa wamepiga wenyewe. Sijui ni lipi afadhali, kukaa mbali na deni au kwenda kulichukua ana kwa ana. Nafunga duka, maghribi hiyo.

MtotoWaKuze

Mzee huacha bomu halafu huenda kuswali.

BesiYaNne

Haya. Ijumaa tumepiga.

Tuliufanyia mazoezi mara mbili tu. Sehemu ya kwanza mwimbaji wetu aliiimba kwa Kiingereza chake, wageni wawili watatu wa rika la yule kijana wakainua simu. Tulipofika pale mwisho nikamtazama Fundi. Hakunitazama. Aliteremka shingo ya gitaa mpaka karibu na mwili, akaanza kifungu cha nota tano, laini sana, kama ajaribu maji kwa dole. Mara ya kwanza, ya pili, ya nne. Hatuna mpiga mi-solo, kwa hiyo mtu wa kinanda akaweka mlio wa gitaa akajibu kwenye mapengo, ukweli ni kwamba ulikuwa mlio wa plastiki lakini ulijibu. Dramu akaachia sahani kubwa akahamia kwenye hi-hat, zile sahani mbili za kugonganishwa kwa mguu. Mie nikaacha kuhesabu.

Wageni wengi waliendelea kula, nisiwadanganye. Mama mmoja Mjerumani alisimama akacheza na mjukuu. Ila mlango wa jikoni ulifunguka wakatoka watu wanne, na yule mzee wa kuosha sufuria, ambaye miaka yote sijamsikia akisema zaidi ya salamu, alishuka chini mpaka magoti yakakaribia sakafu, mikono mbele, aproni imelowa. Kwasa kwasa ile yenyewe ya miaka ya 80. Kumbe yupo.

Dakika kumi na moja. Meneja alisimama kando ya meza ya matunda, akatazama saa, akatutazama, akatazama jikoni. Hakusema kitu usiku ule. Jumamosi alisema: "Jambo Bwana" haikupigwa na wageni wameulizia.

JaKisauni

Weka rekodi! Weka rekodi!

Kivuko_Saba

Rekodi kaka, nauli yangu nilikula, sikuja.

BesiYaNne

Kuna tatizo dogo. Nimeisikiliza mara tatu. Solo haisikiki.

MtotoWaKuze

Haisikiki vipi? Solo ndiyo uzi wenyewe!

Mzee wa Kaseti

Simu uliiweka wapi, mwanangu?

BesiYaNne

Juu ya spika ya besi.

Kivuko_Saba

Besi yasikika lakini?

BesiYaNne

Mashallah, vizuri sana.